Kusoma makala ya mtandaoni kwa utulivu: kwanza utoke ndani ya Facebook

Hapa Bukavu ni watu wachache wanaoandika anwani ya gazeti kwenye simu na kwenda kulisoma moja kwa moja. Habari hutufikia kwa mkono wa mtu: shemeji ameiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, mwanafunzi wa zamani ameisambaza kwenye Facebook, jirani wa Nguba ameibandika chini ya picha za arusi. Iwe imeandikwa na Radio Okapi, na RFI Kiswahili, na BBC Swahili au na mtu ambaye hakuna anayemjua, huingia kwa njia ile ile ya mitandao ya kijamii. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari, na sehemu kubwa ya yale ninayowapa wanafunzi kusoma haimo tena katika vitabu, imo katika viungo. Wenzangu hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawawezi kusoma aya tatu mfululizo. Siungani nao katika lalamiko hilo, kwa sababu nimekaa karibu na simu hizo na kutazama kile ambacho mwanafunzi anakiona hasa anapofungua makala, na ninaamini kwamba hata mtu mzima mwenye subira nyingi angeshindwa. Utulivu wa kusoma hutegemea kwanza mahali makala inapofunguliwa. Bidii ya msomaji huja baadaye.

Ukigusa kiungo ndani ya Facebook au Instagram, kwa kawaida hupelekwi kwenye Chrome, wala Firefox, wala Safari. Makala hufunguka ndani ya programu ile ile, katika kivinjari kidogo kilichojengwa humo, na kwa kuwa kinafanana na vivinjari vingine, wengi wetu hatutambui kwamba hatujatoka. Kukitambua si vigumu ukijua pa kutazama. Juu kuna alama ya X au mshale, jina la tovuti linaonekana lakini huwezi kuandika anwani nyingine juu yake, hakuna vichupo, na kidole kikiteleza kidogo unajikuta umerudi katikati ya picha na mabishano, makala imepotea na aya uliyofikia imepotea nayo. TikTok ina kivinjari chake cha namna hiyo. WhatsApp ina desturi nyingine: viungo vyake kwa kawaida hukabidhiwa kivinjari kikuu cha simu, na ndiyo maana makala ile ile, ikifika kwa WhatsApp, husomeka kwa urahisi zaidi kuliko ikifika kwa Facebook.

Kati ya hizo mbili kuna njia ya tatu. Mwaka 2015 Google ilianzisha katika Android dirisha ambalo programu yoyote inaweza kuliazima kutoka kwa Chrome, na mwaka huo huo Apple ikafanya vivyo hivyo kwa Safari katika iPhone. Dirisha hilo la kuazima ni la kivinjari chenyewe, limevaa tu rangi za programu iliyoliazima. Katika iPhone hata hali ya usomaji, yaani ukurasa kubakishiwa maandishi na picha za makala tu, inapatikana humo, na katika Android menyu yake ina mstari wa kukupeleka Chrome kamili. Programu nyingi ndogo hulitumia. Facebook na Instagram zimejijengea la kwao. Sababu sioni haja ya kuitafuta mbali: kampuni hizo huingiza fedha kadiri macho yanavyobaki ndani, na msomaji aliyetoka kwenda kusoma makala ndefu katika Firefox huenda asirudi jioni hiyo.

Nichukue mfano wa makala ya kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa tano habari za gesi iliyoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu, ambayo ni takribani kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za gesi ya ukaa. Ili aelewe kwa nini gesi hiyo imetulia chini, mwanafunzi lazima ashike mambo matatu kwa pamoja kichwani: kwamba maji ya chini ni mazito zaidi kwa sababu ya chumvi na gesi ya ukaa iliyomo, kwamba kwa uzito huo hayachanganyiki na maji ya juu, na kwamba mgandamizo wa maji yote yaliyo juu yake ndio unaoizuia gesi isitoke. Hoja yenyewe haizidi aya nne.

Sasa tazama anachokipata. Kabla ya sentensi ya kwanza, sehemu ya chini ya skrini imefunikwa na ilani ya vidakuzi (cookies). Akiisha kuiondoa, kisanduku kingine kinamwomba akubali kutumiwa arifa. Baada ya aya ya kwanza kuna tangazo la kubeti mpira. Anapofika kwenye maji mazito, maandishi yanaruka ghafla kwenda chini, kwa sababu picha au tangazo lililokuwa likipakuliwa juu yake limefika sasa hivi, na aliyetengeneza tovuti hakulitengea nafasi mapema. Mtandao ukiwa wa polepole, kuruka huko hurudiwa mara nyingi, maana kila kipande hufika kwa wakati wake. Kwenye kona video imeanza kucheza yenyewe. Katikati ya hoja kuna kisanduku cha "Soma pia" kinachomwalika kwenye habari ya mwanamuziki aliyeachana na mkewe. Na arifa za programu zinaendelea kushuka kutoka juu: fulani ameipenda picha yako. Kwenye simu ndogo za bei nafuu zinazouzwa Kadutu, maandishi ya makala yenyewe hubakiwa na mistari michache tu ya skrini. Ukimuuliza kijana huyo baadaye kwa nini gesi haitoki, atakujibu kwamba ziwa ni la hatari, jambo alilolijua kabla hajafungua chochote.

Dawa ya vurugu hii si mpya. Mwaka 2009 kampuni ya New York iitwayo Arc90 ilitoa kitu kidogo kilichoitwa Readability: ulikibonyeza, na ukurasa ukavuliwa kila kitu isipokuwa kichwa, maandishi na picha za makala. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, uliachwa wazi kwa wote. Mwaka uliofuata Apple iliutumia kuweka hali ya usomaji ndani ya Safari, kisha Mozilla ikaukuza na kuuingiza katika Firefox, na mpaka leo inautunza hadharani. Samsung Internet, Edge na Brave nazo zina hali ya namna hiyo. Chrome, ambayo ndiyo iliyomo katika simu nyingi za hapa, ilichelewa: kwenye kompyuta iliipata 2023, na kwenye Android kwa muda mrefu iliificha katika mipangilio ya ufikivu, mahali ambapo mtu mwenye macho mazima haingii. Mwenye kivinjari hicho ndiye mwenye biashara kubwa ya matangazo kuliko wote, kwa hiyo sishangai.

Kampuni za mitandao nazo zilijaribu kutoa kurasa safi, kwa masharti yao. Facebook ilianza na Instant Articles mwaka 2015, makala zilizofunguka upesi ndani ya Facebook yenyewe, ikazifunga Aprili 2023 ilipopunguza hamu yake ya habari. Google ilikuwa na AMP, muundo wa kurasa nyepesi zinazofunguka upesi, nayo ilianza 2015, ambayo magazeti mengi yameiacha. Funzo nililolipata hapo ni kutotegemea usafi unaogawiwa na mwenye jukwaa, kwa kuwa huondolewa siku mahesabu yake yanapobadilika.

Wanafunzi hupenda kujua jinsi hali ya usomaji inavyoamua lipi ni makala na lipi ni takataka, na wengi hudhani kuna akili bandia inayosoma. Msimbo wa Mozilla hausomi maana hata kidogo. Huupepeta ukurasa kama mchele kwenye ungo, na kinachobaki ni kile kilicho kizito. Aya yenye herufi chini ya 25 hurukwa. Inayobaki hupewa alama moja kwa kuwa tu ni aya, kisha alama zaidi kwa kila mkato (,) uliomo, kisha alama moja kwa kila herufi 100, mpaka alama tatu. Alama hizo hupewa kisanduku kinachobeba aya hiyo, na nusu yake hupewa kisanduku kilicho nje ya hicho, kwa hiyo eneo la ukurasa lenye aya nyingi ndefu hujilimbikizia alama na kujitenga na mengine. Hukaguliwa pia wingi wa viungo: kisanduku ambacho karibu maandishi yake yote ni viungo hupunguziwa alama kwa uwiano huo huo, na hapo ndipo "Soma pia" inapoanguka. Majina ambayo mtengenezaji aliyapa visanduku vyake ndani ya msimbo huangaliwa vilevile. Jina linalodokeza makala huongeza alama 25, na linalodokeza maoni, utepe wa pembeni au mdhamini hupunguza 25. Majina hayo yameandikwa kwa Kiingereza, ingawa tovuti zetu za Kifaransa hunusurika kwa sehemu, kwa kuwa neno la Kifaransa la maoni huanza kwa herufi zile zile.

Ninachokistaajabia zaidi ni mkato. Aliyewaza kuhesabu mikato alitambua jambo ambalo mwalimu yeyote wa lugha angemwambia: menyu haina mikato, tangazo halina mikato, orodha ya vichwa vya habari haina mikato, bali mtu anayeeleza jambo kwa sentensi ndefu hawezi kuiepuka. Baadaye iliongezwa mikato ya Kiarabu na ya Kichina, ambayo huandikwa kwa alama nyingine, ili lugha hizo zisidhulumiwe.

Ukijua hesabu hiyo, unajua pia itakwama wapi. Shairi lenye mistari mifupi hupata alama chache. Ukurasa wa matokeo ya mpira, au wa habari zinazoongezwa dakika kwa dakika, huchanganyikiwa, na jedwali hutoka limevurugika. Matangazo rasmi ya viongozi, ambayo hapa kwetu huchapishwa mara nyingi kama picha ya barua yenye muhuri, hayana herufi hata moja ya kuhesabiwa, na hali ya usomaji haitakuwa na la kufanya nayo. Kubwa kuliko hayo ni kwamba pepeto hilo huweza kuangusha kitu cha makala kimyakimya: maelezo ya picha, kisanduku cha takwimu, au ile taarifa ndogo ya masahihisho iliyowekwa chini. Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi kwamba hali ya usomaji ni ya kusomea, na kabla hujanukuu takwimu katika kazi ya shule, rudi kwenye ukurasa kamili ukague.

Hayo yote hayapatikani mpaka utoke, na kutoka ndiyo hatua ambayo miongozo mingi huipita haraka. Katika Facebook na Instagram, makala ikishafunguka, gusa nukta tatu zilizo juu pembeni. Ndani ya menyu kuna mstari wa kufungua katika kivinjari cha nje, na kwenye simu iliyowekwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za hapa Bukavu, utaona neno "navigateur". Afadhali zaidi kulimaliza jambo mara moja: Facebook ya Android ina swichi katika mipangilio yake inayoamuru viungo vyote vifunguliwe nje. Swichi hiyo huhamahama kutoka toleo hadi toleo, mara iko chini ya "Média", mara chini ya kivinjari, kwa hiyo itafute kwa uvumilivu, tena uikague baada ya kusasisha programu. Mahali ambapo kitufe cha kutokea hakipo kabisa, nakili anwani ya makala uibandike mwenyewe katika kivinjari. Programu ninayoisamehe ni Telegram, ambayo tangu 2016 ina kitufe chenye alama ya radi kinachofungua makala za tovuti nyingi zikiwa safi tayari, maandishi na picha basi.

Ukitoka, utaangukia kivinjari kikuu cha simu, kwa hiyo amua mapema kiwe kipi. Katika Android huchaguliwa kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu chaguo-msingi. Mimi ninatumia Firefox. Alama ya ukurasa wenye mistari hujitokeza kwenye upau wa anwani pale tu kipimo cha haraka, chepesi kuliko hesabu niliyoieleza, kinapoona kuna makala ya kutosha, na isipojitokeza maana yake ukurasa haujafikia kipimo. Iguse, kisha uongeze ukubwa wa herufi bila haya. Wengi husoma kwa herufi ndogo kwa sababu ndivyo simu ilivyokuja. Wenye iPhone wana jambo ninaloliona zuri zaidi: Safari inaweza kuagizwa ifungue tovuti fulani katika hali ya usomaji kila mara, bila kuguswa.

Anwani uliyoinakili kutoka Facebook itazame kabla hujaituma kwa mwingine. Mara nyingi mwishoni ina mkia mrefu unaoanza na "fbclid", na nyuma yake herufi nyingi zisizosomeka. Huo ni utambulisho ambao Facebook huuongeza kwa kila mguso, ili tovuti unayokwenda na Facebook yenyewe ziweze kuunganisha ziara hiyo na wewe. Ufute kuanzia "fbclid" kwenda mbele; makala itafunguka vilevile. Usifute tu kila kitu kilicho baada ya alama ya kuuliza, kwa kuwa tovuti nyingine huweka hapo namba ya makala yenyewe.

Ipo sababu nyingine ya kutoka, isiyohusu utulivu. Agosti 2022 Felix Krause, mtaalamu wa programu kutoka Austria, alionyesha kwamba vivinjari vya ndani vya Instagram na Facebook katika iPhone viliingiza msimbo wao katika tovuti zilizofunguliwa humo, na kwamba kile cha TikTok kilikuwa na msimbo wenye uwezo wa kufuatilia herufi zinazobonyezwa. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilijibu kwamba msimbo wake ulikuwa wa kuheshimu chaguo za watumiaji kuhusu kufuatiliwa. TikTok ilikubali kwamba msimbo upo, ikasema ni wa kurekebisha hitilafu na kupima utendaji. Krause mwenyewe alikuwa mwangalifu kusema kwamba kuwapo kwa msimbo hakuthibitishi kwamba taarifa za watu zilikusanywa. Mimi uwezo peke yake unanitosha: katika vivinjari hivyo siandiki nenosiri, wala namba ya siri ya fedha za simu, hata ukurasa uwe na sura ya kuaminika namna gani.

Swali ambalo huulizwa kuliko yote, na wazazi kuliko watoto, ni la fedha. "Sasa Mwalimu, hiyo inapunguza mega ama?" Mega ni data ya mtandao tunayoinunua. Jibu ni hapana, na ni vema lisemwe wazi, maana watu huambiwa vingine. Hali ya usomaji hufanya kazi baada ya ukurasa kufika. Matangazo yamekwisha kupakuliwa, video imekwisha kuanza, mega zimekwisha kuliwa, ndipo pepeto linapoanza. Hukuokolea macho na mawazo. Anayetaka kuokoa mega azuie matangazo yasipakuliwe tangu mwanzo: Brave huyazuia yenyewe, na Firefox ya Android hukubali kuongezewa kizuizi cha matangazo kiitwacho uBlock Origin, ambayo haipatikani katika Chrome ya simu. Opera Mini, ambayo wengi tuliianza kwenye simu za vitufe, ina njia yake, kwani ukurasa hupitia kwanza kwenye kompyuta za Opera, hubanwa huko, kisha hutumwa ukiwa mwepesi. Inasaidia sana laini ikiwa dhaifu. Lakini kwa kuwa katika ubanaji mkali ukurasa hufunguliwa njiani na mtu wa tatu, iwe ya kusomea habari tu, mambo ya benki yafanyiwe kwingine.

Kuhusu kuhifadhi makala za kusoma baadaye, miaka mingi jibu lilikuwa Pocket, iliyoanza 2007 ikiwa na jina jingine, ikanunuliwa na Mozilla mwaka 2017, na kufungwa Julai 2025. Instapaper, ya tangu 2008, bado ipo. Kwa darasa langu ninatumia njia isiyohitaji akaunti ya mtu yeyote: ninaifungua makala katika hali ya usomaji, ninaihifadhi kama PDF, kisha ninaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Faili la namna hiyo lenye maandishi na picha moja huwa jepesi kuliko video fupi ya kuchekesha, husomeka bila mtandao, na umeme ukikatika usiku mwenye chaji kidogo humsomea mwenzake. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, hii makala ni fupi!" Ilikuwa ile ile ya Ziwa Kivu, neno kwa neno.

Wenzangu wanaoandikia tovuti za habari hapa mjini hawafurahii ninayoyasema, na wana haki. Tovuti ndogo ya Kivu haina wanaolipia usajili; mapato yake ni matangazo hayo hayo ninayofundisha watu kuyaondoa. Msimamo wangu ni wa katikati, nao unaweza kubishaniwa. Hali ya usomaji, kwa kuwa huja baada ya ukurasa kupakuliwa, mara nyingi huyaacha matangazo ya mwanzo yahesabiwe, na siioni kuwa dhuluma. Kizuizi cha matangazo ni jambo zito zaidi. Tovuti za hapa ninazozitegemea nimeziruhusu ndani ya uBlock Origin, tovuti moja moja, na mhariri ninayemfahamu nimemwambia bila kuficha kwamba ile video inayojifungua kwenye kona inamfukuzia wasomaji wasiokuwa na mega za kupoteza. Picha yenye nafasi iliyotengwa na tangazo lisiloruka haviwezi kumgharimu kitu.

Hali ya usomaji ina faida moja ambayo watu hawaitazamii, nayo ni kusikiliza. Maandishi yakishasafishwa, simu inaweza kuyasoma kwa sauti bila kukutajia menyu na matangazo, jambo lenye maana kwa mama anayepika na kwa mzee ambaye macho yamechoka. Kwa Kiswahili kuna kasoro ndogo. Sauti ya kusomea mara nyingi huchaguliwa kwa kufuata lugha ambayo tovuti imejitangazia ndani ya msimbo wake, na baadhi ya tovuti zetu huchapisha Kiswahili huku zikijitangaza kuwa za Kifaransa, kwa hiyo unasikia Kiswahili kikisomwa kwa ulimi wa Paris, hadi hujui linalosemwa. Katika Android, hakikisha kwanza kwamba sauti ya Kiswahili ya Google imepakuliwa kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi. Katika Edge ya kompyuta unaweza kubadilisha sauti kwa mkono na kuchagua ya Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania, ya kike au ya kiume. Ya Kongo bado sijaiona katika orodha, na wanafunzi wangu, ambao huicheka ile ya Tanzania kwa kusema kwamba inaongea kama kitabu, wamekwisha kubishana ni mtangazaji gani wa redio za Bukavu angefaa kuazimwa sauti yake.